Dorothea Ndahani, mkalimani wa watu wasiojua kujisifu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Nzuguni, jijini Dodoma. Dorothea Ndahani ameketi jikoni kwake, hedifoni zimebana juu ya kilemba, na kidole chake kinairudisha rekodi nyuma kwa mara ya kumi na moja. Anasikiliza. Anazivua. Anakitazama kinasa sauti kwa macho yale yale aliyokuwa akimtazamia mwanafunzi aliyeleta daftari tupu.

"Sema basi, mzee," anakiambia. "Si ufungue mdomo tu useme."

Anazivaa tena. Mara ya kumi na mbili, maneno yanaingia. Anaandika kwa penseli, anaweka nukta, kisha anaegemea kiti na kucheka kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Unajua amesema nini? Amesema wimbo wake si mbaya. Basi! Robo saa nzima namsaka mtu, kumbe alikuwa na hilo tu."

Chini ya meza kuku mwekundu anadonoa makombo ya chapati. Dorothea anamsukuma kwa mguu. "Na wewe pia, ondoka. Balaa lote hili umelianzisha wewe."

Hana muda wa kupoteza. Saa tatu kamili jirani atawasha mashine ya kusaga, na ikishawaka hakuna sauti ya mtu inayosikika ndani ya nyumba hii mpaka saa saba mchana, awe Mgogo, awe Mskoti.

Dorothea, mwenye umri wa miaka 58, ni mkalimani wa kipindi cha redio kinachozungumza na waandishi na wanamuziki kutoka Uskoti. Wageni hao huja kwa zamu, mmoja mmoja, wakakaa Chamwino mwezi au mwezi na nusu na kufanya kazi pamoja na wasanii wa huko. Yeye ndiye anayewahoji, anayewarekodi na anayewatafsiri, na sauti ya Kiswahili inayosikika juu ya sauti zao ni yake. Mgeni awe bibi wa riwaya au babu wa fidla, msikilizaji atamsikia Dorothea.

Ndiyo maana akipita Majengo kununua karanga, muuzaji mmoja aitwaye Iddy huacha mizani na kumpigia saluti kwa jina la mgeni aliyepo.

"Shikamoo, mzee Hamish!"

"Hilo nimelizoea," anasema. "Yasiyozoeleka ni haya ya wiki mbili hizi."

Haya ya wiki mbili hizi ndiyo yaliyomfikisha alipo leo, Alhamisi. Kipindi cha Jumamosi kinaweza kuwa cha mwisho kwake. Hajafukuzwa na mtu. Amesema mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba kisiporushwa anavyotaka yeye, jina lake na sauti yake viondolewe.

Kabla ya redio alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kwa miaka ishirini na nne. Alistaafu kwa hiari akiwa na 55, akidhani atalima zabibu zake chache na kupumzika.

"Kiingereza nilijua nakijua," anasema. "Halafu mzee Hamish akafungua mdomo."

Hamish Geddes, 68, ni mpiga fidla kutoka kisiwa kidogo kaskazini mwa Uskoti. Fidla ndiyo ile ala ya nyuzi nne ambayo wengi wetu huiita violini. Hubanwa kidevuni, ikasuguliwa kwa upinde, na kwa kazi yake ni ndugu wa zeze la Wagogo. Rekodi yake ya kwanza ilikuwa ya dakika arobaini. Dorothea aliambulia maneno yasiyotosha kujaza ukurasa mmoja.

Hakuwa mgeni wa kwanza kumtoa jasho, na dawa yake anayo, ingawa hakuna chuo kilichomfundisha. Alipanda basi hadi Chamwino, akakiacha kinasa sauti nyumbani, akakaa na mzee huyo siku mbili wakizungumza habari za mvua, kondoo na magoti yanayouma.

"Muziki sikumuuliza hata kidogo. Nilitaka sikio langu lifunguke kwanza. Siku ya pili jioni nikaanza kumpata. Kumbe kondoo wao nao wanavunja uzio wa jirani, na jirani naye ananuna vile vile."

Hufanya hivyo kwa kila mgeni. Siku hizo mbili hakuna anayezilipa. Kipindi kimoja cha nusu saa humpatia shilingi 45,000, na humlia siku tatu: moja ya kusikiliza, moja ya kuandika, moja ya kusoma studioni. Nauli ni yake. Mumewe, Seth, fundi umeme asiyependa maneno mengi, ana jina lake la kazi hiyo.

"Mama Anjelina anafanya ibada," anasema Seth akipita na ndoo. "Mshahara wake uko mbinguni."

Lakini lafudhi haikuwahi kuwa tatizo kubwa. Lafudhi ukiikalia kitako inakubali. Kinachompandisha Dorothea presha ni tabia moja ya wageni wake wote, wake kwa waume: hawajui kujisifu. Unawauliza habari za kazi waliyoifanya maisha yao yote, wanakujibu kana kwamba umewashika na kitu cha wizi.

Mfano ni Morag Tulloch, mwandishi wa riwaya aliyekuja mwaka jana, mwanamke wa vitabu saba. Dorothea alimuuliza kwa nini anadhani watu wanavipenda.

"Labda kwa sababu ni vifupi," alijibu.

Akaulizwa alivyokiandika kile kinachopendwa zaidi. Akasema alitaka kuandika kitabu kingine kabisa, hiki kikaja badala yake, naye akaona aibu kukifukuza. Mahojiano ya saa nzima yalikwenda hivyo hivyo.

"Sasa weka hapo kijana mmoja wa hapa Majengo anayeimba," anasema Dorothea, akihesabu kwa vidole. "Nyimbo mbili, moja haijatoka. Alikuja studioni akajiita mfalme mara tisa kabla hata ya matangazo. Na mimi nimekaa na mama wa vitabu saba ananiambia ni vifupi! Nilitamani niwachanganye niwagawe upya."

Morag alipita salama, kwa kuwa wasikilizaji walimchukulia kama mama mcheshi. Hamish hakupita salama.

Mazungumzo ya kwanza naye yalirushwa Jumamosi saa kumi jioni, kama kawaida. Dorothea alimuuliza alianza lini kupiga fidla. Akiwa na miaka sita, alijibu, na bado anajifunza. Ametunga nyimbo ngapi? Kama mia mbili, nzuri ziko tatu, na moja katika hizo tatu ana wasiwasi nayo. Watu wanasema yeye ni fundi, je, ni kweli?

"Watu ni wema sana," alisema mzee.

Dorothea alitafsiri neno kwa neno, kwa sauti yake tulivu ya darasani. Alikuwa amempigisha mzee nyimbo mbili nzima mwishoni mwa mazungumzo, akijua zitajieleza zenyewe. Hazikusikika. Mtayarishaji wa kipindi, Jordan, alikuwa na nusu saa yake, matangazo ya mbegu za alizeti na salamu za wadhamini. Akakata muziki wote, akabakiza sekunde tano za mwanzoni, ambazo nazo zilifunikwa na jina la kipindi.

Kwa hiyo watu wa Dodoma na vitongoji vyake walichosikia siku hiyo ni mzee wa watu, amevuka bahari, ana miaka 68, anakiri kwa huzuni kwamba maisha yake yote hakufanikiwa.

Ujumbe wa simu ulianza kuingia kabla kipindi hakijaisha. Poleni na mgeni. Mwambieni Mungu yupo. Mwingine aliuliza kama mzee ana watoto wa kumtunza.

Jumatatu asubuhi, akina mama watano wa kikundi kimoja cha kulima alizeti hapo Chamwino walifika hosteli ya kanisa anakolala Hamish. Mbele alikuwa mwenyekiti wao, Raheli Chibago, na kwapani mwa Raheli alikuwa kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Dorothea aliitwa kwa simu aje haraka kukalimani.

Waliimba kwanza. Wakasali. Kisha Raheli akasimama mbele ya mzee, akamwekea kuku mapajani.

"Baba, tumekusikia redioni," alisema. "Tukasema tusikuache peke yako. Sisi mwaka juzi alizeti yetu yote ilikauka shambani, watu wakatucheka, lakini tulipanda tena. Na wewe usiache. Uzee si neno."

Dorothea alitafsiri. Hamish aligeuka mwekundu mpaka kwenye masikio. Alimtazama kuku, akawatazama akina mama, akasema kwa sauti ndogo, "Waambie sistahili."

Akifika hapo Dorothea anashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ningefanyaje? Ndiyo kazi yangu. Nikawaambia anasema hastahili. Mama mmoja akaanza kulia!"

Kuku hakuweza kulala hosteli, maana mlinzi alikataa. Alipelekwa Nzuguni kwa bodaboda, akiwa mapajani mwa Dorothea, na siku ya tatu akataga kwenye kapu la vitabu.

Jordan aliposimuliwa alicheka mpaka akatoka nje kupata hewa. Ni kijana mwema wa miaka 29, na wema wake ndio unaomuudhi zaidi Dorothea, kwa kuwa alimfundisha mwenyewe kidato cha pili na mpaka leo humwamkia kwa adabu kabla ya kumwambia jambo la kipuuzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Muziki wa mzee uko wapi?"

"Mwalimu, tuache hilo kwanza. Tatizo ni hii tafsiri. Haina mzuka. Mtu anasema kazi yake si kitu, na wewe unasema kazi yake si kitu!"

"Sasa nisemeje?"

"Mpandishe kidogo. Mnogeshe. Si anajua kupiga?"

"Anajua."

"Basi aseme anajua. Nani atakasirika?"

Yapo mambo mtu huyafanya kwa kuchoka, na Dorothea halifichi hili. Alikuwa amechoka kupewa pole sokoni. Alikuwa amechoka na ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Makulu aliyeandika kwamba huyu mwalimu mstaafu Kiingereza kimemwisha, haiwezekani mtu atoke Ulaya kuja kusema hajui kazi yake. Neno hilo la Kiingereza kumwisha lilimkaa kooni siku nne.

Kwa hiyo katika kipindi cha pili, mahali ambapo Hamish alisema kwamba kisiwani kwao kila nyumba ina mtu anayempita, Dorothea alisoma kwa sauti ya kujiamini: "Ndiyo, mimi ni fundi, na kwetu hakuna anayenifikia."

"Sentensi moja tu," anasema. "Miaka miwili ya kazi, sentensi moja."

Simu zilizoingia zilikuwa za furaha. Jordan alimtumia alama za makofi. Seth peke yake ndiye aliyezima redio, akasema, "Huyo leo kaongea kama yule kijana wa Majengo."

Kesho yake, Jumapili, Dorothea alikuwa hosteli Chamwino akijiandaa kurekodi mazungumzo ya mwisho. Pikipiki ikasimama nje. Akashuka mzee mmoja mwembamba, koti la suti juu ya msuli, na mkononi kiroba cha salfeti chenye kitu kirefu ndani yake. Alikuwa Mzee Luka Mlewa, 74, mpiga zeze ambaye hakuna harusi ya upande ule inayofanyika bila yeye.

"Mbukwenyi," aliwasalimu wote kwa Kigogo, akaitikiwa. Hakukaa. "Yuko wapi huyo asiyefikiwa?"

Hamish, aliyekuwa akikunja shati, aligeuka kumtazama mkalimani wake asikie kimesemwa nini.

"Nimetafsiri watu wa kila namna," anasimulia Dorothea. "Siku hiyo Kiingereza kilinikimbia, Kiswahili kikanikimbia, na Kigogo cha mama yangu kikanikimbia. Nikabaki nimesimama na kinasa sauti kama mtu aliyeshikwa."

Mzee Luka aliona kimya kimezidi, akauliza mwenyewe kwa Kiswahili: huyu bwana amepiga miaka mingapi? Hapo Dorothea akapata kauli, akatafsiri. Hamish akajibu miaka sitini na miwili, na kwamba bado anajaribu jaribu. Dorothea akatafsiri hilo nalo, kama lilivyo.

Mzee Luka alimtazama mgeni, kisha akamtazama mkalimani.

"Huyu ndiye aliyesema hafikiwi?"

"Hapana," alisema Dorothea. "Hakusema yeye. Nilisema mimi."

"Mwalimu mzima," alisema Mzee Luka.

Dorothea anasema angetukanwa ingekuwa afadhali. Aligeuka akamweleza Hamish yote kwa Kiingereza, sentensi ile aliyomzulia na sababu yake, akamwomba radhi. Mgeni alisikiliza akiwa bado na shati mkononi. Alimuuliza jambo moja tu: je, watu wa kisiwani kwake wanaweza kuipata redio hiyo kwenye mtandao? Alipoambiwa sidhani, alipumua kwa nguvu na kukaa.

"Sasa apige," alisema Mzee Luka. "Nimetoka mbali."

Hamish alipiga. Alipiga wimbo alioutunga wiki ile ile, chumbani hosteli, na kwa desturi yake ya kuzipa nyimbo majina ya watu na vitu vilivyomgusa, alikuwa ameuita Kuku wa Raheli. Unaanza polepole, kwa hatua za mtu anayekuja na kitu kwapani, kisha unachangamka mpaka miguu ya msikilizaji inakosa adabu. Mzee Luka alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ulipokwisha, alisema neno moja, "Anajua," akafungua kiroba.

Walipiga pamoja dakika nyingi. Walipishana mapigo, wakasimama, wakacheka, wakaanza upya. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa. Wakati wa kupumzika Hamish alilitazama zeze kwa heshima, akauliza ilimchukua mzee miaka mingapi kulipiga vile.

"Aah, mimi najikuna kuna tu," alijibu Mzee Luka. "Hiki ni kibuyu na waya."

Dorothea alipomfikishia jibu hilo, Hamish alicheka mpaka akafuta macho. Halikuhitaji maelezo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, Dorothea aliona jibu la namna ile linamfikia mtu salama, bila kupewa pole na bila kupandishwa.

Ndipo hasira yake ikapata pa kwenda. Mzee Luka ndiye aliyeielekeza, huku akifunga kiroba chake, kwa sauti ya mtu aliyepotezewa Jumapili.

"Mimi nikisema sijui, watu wa kwetu wanacheka, maana jana walinisikia. Huyu nani amemsikia? Mnamwachia aseme hajui, halafu mnamnyima kupiga. Watu watajuaje?"

Jumatatu Dorothea alipanda ngazi za kituo cha redio, pale Majengo juu ya duka la mbegu, bila kuitikia salamu ya Iddy. Alitaka mambo mawili. Kwanza, kipindi cha tatu kianze na yeye kukiri kwamba wiki iliyopita alimsemea mgeni maneno ambayo hakuyasema. Pili, wimbo wa Kuku wa Raheli upigwe wote, dakika nne na sekunde kumi, bila kukatwa na bila mtu kuongea juu yake.

Jordan alikubali la kwanza kwa shingo upande. La pili lilimshinda.

"Dakika nne za fidla, Mwalimu? Jumamosi jioni? Watu watahama stesheni."

"Wahame wakiwa wamesikia."

"Mdhamini je?"

"Mdhamini anauza alizeti. Wimbo umetungwa kwa ajili ya wakulima wa alizeti. Unataka nini tena?"

"Sekunde arobaini," alisema Jordan. "Nitajitahidi, arobaini na tano."

Haki yake Jordan asinyimwe. Kituo kina watu sita, jenereta inayokohoa na wadhamini watatu, na kila dakika anayoitoa bure ataulizwa yeye. Lakini Dorothea naye ana chake cha kulinda.

"Mwishoni mwa kipindi linasomwa jina langu," anasema. "Sina cheo, sina gari. Nina hilo tu, kwamba ukisikia Dorothea amesema fulani kasema hivi, basi fulani kasema hivyo. Nimeshaliharibu mara moja. Sitaliharibu mara ya pili eti kwa sababu ya sekunde."

Akawaambia wote waliokuwamo studioni, fundi mitambo na msichana wa mapokezi wakiwa mashahidi, kwamba ukikatwa wimbo na yeye ameacha. Kisha akachomoa kadi ya kumbukumbu yenye rekodi, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akashuka ngazi. Nakala nyingine haikuwapo.

Ndiyo kadi anayoisikiliza leo. Maneno anayoyasaka tangu asubuhi ni jibu la Hamish baada ya wimbo kwisha, Dorothea alipomuuliza anauonaje. Si mbaya, alisema. Anaandika hivyo hivyo, si mbaya, bila kuupamba na bila kuuzika. Dakika chache baadaye mashine ya kusaga inanguruma, vikombe vinatetemeka kabatini, naye anafunga daftari.

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, anaingia studioni na kadi yake. Jordan anaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, na kuichomeka kwenye mtambo. Dorothea anavaa hedifoni bila kujua kitakachorushwa.

Taa nyekundu inawaka. Anasoma ungamo lake. Anasoma majibu yote ya Hamish ya kukwepa kwepa. Kisha fidla inaanza.

Sekunde ya arobaini na tano inafika. Mkono wa Jordan uko juu ya kitufe, macho yako kwenye saa. Dorothea hamtazami. Anatazama dirishani, kwenye mabati ya Majengo yaliyojaa vumbi, midomo ameikaza. Dakika moja. Dakika na nusu, wimbo unachangamka. Fundi mitambo anatikisa goti. Jordan anautoa mkono kwenye kitufe, anaupeleka kwenye shavu, na anauacha hapo mpaka mwisho.

"Si mbaya," anasema Dorothea kwenye kipaza sauti, kwa niaba ya Hamish Geddes.

Ujumbe wa simu hauji. Dakika tatu nzima hakuna kinachoingia, na Jordan ameanza kuonekana mgonjwa. Halafu skrini inaanza kujaa. Rudieni huo wimbo. Huyo mzee ni yule yule? Mwalimu, umetuficha mtu! Msikilizaji wa Makulu anaandika kwamba sasa ameelewa, ila Kiingereza cha Mwalimu bado ana mashaka nacho.

Wa Chamwino unaingia karibu na mwisho. Jordan anausoma hewani bila kuupitia kwanza, kosa ambalo mtayarishaji hapaswi kulifanya.

"Mimi Raheli Chibago, na kikundi chote tuko hapa. Mwalimu, huyo baba alitudanganya mchana kweupe. Anajua! Tumecheza mpaka uji umeungua. Mwambie kuku wetu tunamtaka."

Dorothea anacheka, safari hii kicheko chenyewe, na fundi mitambo anakimbilia kuweka tangazo la alizeti.

Ana mpango sasa, na ameshamwandikia Jordan barua kwa kalamu, si kwa simu, ili isifutike kirahisi. Anataka vipindi vya nyuma virudiwe vyote kuanzia mwezi ujao, muziki uliokatwa ukirudishwa ndani, na waandishi wasikike wakisoma kazi zao kabla ya kuulizwa lolote. Mwezi Julai wanakuja wageni wawili wapya, mshairi na mpiga zumari. Ameambiwa huyo mshairi huwa hajibu maswali kabisa.

"Sawa," anasema, akifumba macho kama mtu anayesikia jino likianza. "Atasoma. Akishasoma, anyamaze atakavyo."

Jumanne asubuhi anasimama na Hamish nje ya hosteli, gari la kumpeleka uwanja wa ndege likiwa linawaka. Anampa ujumbe wa Raheli, wote, pamoja na dai la kuku. Mzee anaufikiria kwa uzito.

"Waambie," anasema, "hakuwa kuku mbaya."

Dorothea anapiga simu pale pale. Anasoma jibu kama lilivyo, haongezi, hapunguzi. Upande wa pili sauti ya Raheli inawageukia wenzake kwa nguvu, mpaka dereva anaisikia.

"Jamani, kumbe alimpenda hivyo! Basi mwacheni, tusimdai tena."